Bundi wa Kijani Yuko Upande wa Nani?

Wenzangu wa lisansi, na ninyi wadogo wetu mulio bado kwenye viti vya unif: leo siandiki juu ya mihogo wala juu ya bei ya mbolea. Nataka kuhakiki ndege.

Ndege mwenyewe munamujua. Bundi wa kijani, macho makubwa, tumbo la mviringo. Anaitwa Duo na anakaa ndani ya Duolingo, programu ya kujifunzia lugha. Kwetu tangazo la kazi lisilodai Kiingereza limekuwa kitu cha kuokota, na kozi za jioni zinalipwa kwa dola, basi vijana wengi wamemkaribisha huyu ndege kwenye telefone juu anafundisha bure. Anaingia chumbani mwa mtu kuliko hata padri wa parokia. Na bado sijaona mtu kati yetu akiketi kumhakiki kama tunavyohakiki kitabu, wimbo au filamu ya Kinigeria. Tunasema "ni kadesini tu", tunapita.

Si kadesini tu. Maskoti, ndiyo jina la hivi viumbe, ni mnyama au mtu wa kuchorwa anayesimama mahali pa kampuni na kuongea kwa niaba yake. Kampuni haiwezi kulia. Haiwezi kukukonyeza. Haiwezi kukuambia "nimekukumbuka" saa mbili za usiku bila wewe kujiuliza inataka nini. Ndege anaweza, na wewe humuulizi kitu. Kwa hiyo mi naona swali la kwanza la mhakiki si kama amechorwa vizuri. Ni hili: yuko upande wa nani? Na jibu halionekani siku unayofanya masomo yote bila kosa, juu siku ile kila mtu ni rafiki yako. Linaonekana siku umekosa kuja.

Kama mchoro, sina neno. Duolingo ilianzishwa Pittsburgh, Marekani, na Luis von Ahn, mtu wa Guatemala, pamoja na Severin Hacker, mtu wa Uswisi, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2012. Wenyewe wanasimulia kwamba Hacker alisema rangi anayoichukia ni kijani, na njo maana ndege akawa kijani, kusudi la kumchokoza, akabaki hivyo mpaka leo. Mwaka 2018 walimchora upya, akapata uso unaobadilika na mabawa yanayofanya kazi ya mikono. Weka uso huo kwenye kona ya simu yenye kioo kilichopasuka, bado unajua kama anafurahi au amenuna. Hiyo ni kazi ngumu. Anayeidharau ajaribu kuchora huzuni kwa duara mbili na mdomo mmoja, halafu atuonyeshe.

Walichagua bundi kwa sababu Ulaya, tangu Wagiriki wa kale na mungu wao wa kike Athena, bundi ni hekima. Kwetu? Bibi yangu akisikia bundi juu ya mti wa avoka hakuuliza anafundisha lugha gani. Alitoka nje na kijinga cha moto. Kwa familia nyingi za hapa bundi ni mjumbe wa mchawi. Akilia karibu na paa, watu wanahesabu wagonjwa wao.

Ndege wa kweli mimi namtetea, ndivyo fakilte ilivyonifundisha. Bundi mweupe wa ghalani anakula panya kila usiku wa Mungu. Malaysia kwenye mashamba ya michikichi, na Israeli kwenye mashamba ya nafaka, wakulima wanamjengea visanduku vya kutagia ili apunguze panya bila sumu. Na sisi tuko na wa kwetu, bundi wa Itombwe, Kivu Kusini: alipatikana mwaka 1951, akakaa miaka arobaini na tano bila kukamatwa tena, mpaka 1996. Ndege mwenye haya kiasi hicho. Hajamtumia mtu ujumbe hata mmoja.

Basi kinachonishangaza ni hiki. Watumiaji wa Marekani na Ulaya, ambao kwao bundi ni hekima na ambao hawakulelewa na bibi yangu, walifika palepale kwa bibi yangu. Kuanzia miaka ya 2017 hadi 2019 intaneti ilijaa vichekesho vya Duo akiwa ameshika kisu, Duo amesimama dirishani usiku, Duo ameteka familia ya mtu, yote kwa sababu mtu hakufanya somo la Kihispania. Hakuna aliyewafundisha kwamba bundi analeta kifo. Walilisoma wenyewe kwenye kazi aliyopewa.

Na kazi yenyewe ni ipi? Ni kukumbusha. Kuna ujumbe mmoja unaojulikana sana, unaokuja ukishakuwa umepotea siku kadhaa: unasema kwamba vikumbusho hivi vinaonekana havifanyi kazi, basi kwa sasa tutaacha kukutumia. Musome taratibu. Hiyo ni sentensi ya mama mkwe. Haina tusi, haina amri, na unatoka pale ukijisikia mtoto mbaya. Von Ahn mwenyewe aliueleza jukwaani, kwenye hotuba yake ya TED ya mwaka 2023, tena kwa furaha, juu watu wakiupata wanarudi.

Vile vichekesho vya kisu, kwangu, vilikuwa uhakiki wa kweli, pengine bora kuliko huu wangu. Watu walikuwa wanasema kwa picha: huyu ndege ananitisha kwa upole. Kampuni ikafanya nini? Ikakubali. Tarehe 1 Aprili 2019 ikatoa tangazo la mzaha ambamo bundi mkubwa kama mtu anakufuata mwenyewe, kazini na popote, mpaka ufanye somo. Mwaka 2021 kijana wao mmoja wa mitandao, Zaria Parvez, akachukua lile vazi la bundi lililokuwa ofisini akaanza kutengeneza video za TikTok: Duo mwenye wivu, Duo mwenye kutisha wafanyakazi, Duo aliyependa mwimbaji Dua Lipa mpaka kukosa usingizi. Mamilioni ya watu wakafuata. Nasema wazi kwamba video zile zinachekesha, nami nimecheka. Lakini tazameni kilichotokea: lalamiko lilishonewa nguo, likavaliwa. Tangu siku hiyo ukisema bundi anakusumbua, umemfanyia tangazo. Kuna wanasiasa wetu wangelipia dawa hiyo bei yoyote.

Kabla ya Duo kulikuwa Clippy, kile kibanio cha karatasi chenye macho ndani ya Microsoft Office 97. Wakubwa wetu waliojifunza kuchapa kwenye kompyuta za sekretariati za mjini wanamkumbuka. Ukianza tu barua, anatokea: naona unaandika barua, nikusaidie? Kila mara. Umekataa jana, umekataa leo asubuhi, yeye kama mgeni mpya. Watu walimchukia mpaka Microsoft yenyewe, ilipotoa Office XP mwaka 2001, ikafanya tangazo la kumcheka, na kwenye Office 2007 hakuwamo tena.

Mtu aliyeeleza vizuri chuki ile ni Clifford Nass, profesa wa Stanford, yuleyule ambaye pamoja na Byron Reeves alionyesha kwamba watu wanaitendea kompyuta kama wanavyotendeana wao kwa wao, adabu na kinyongo vikiwamo. Nass alijaribu jambo dogo. Clippy akishatoa msaada, aliulizwa mtumiaji kama umemfaa. Akisema hapana, Clippy anakasirika pamoja naye na kumwambia: hebu tuwaandikie Microsoft, tuwaambie msaada wao ni mbaya namna gani. Watu wakampenda. Kibanio kilekile, macho yaleyale, nyusi zilezile. Alichobadilisha ni upande aliosimama. Mi naona jaribio lile dogo linatosha vitabu kumi vya kuchora maskoti, na sielewi juu ya nini linasahaulika.

Sasa niingie shambani kwangu, mutanivumilia.

Kwenye kitalu cha nyanya au cha kahawa, kibarua mpya anamwagilia kwa kalenda. Asubuhi maji, jioni maji, mvua imenyesha, bado maji. Ukimuuliza anakujibu kwa fahari: sijakosa hata siku moja. Aliyezoea anaingiza kidole kwenye udongo kwanza. Maji yakizidi, shina la mche linaoza pale linapogusa ardhi, na asubuhi unakuta miche imelala kama imekatwa na wembe. Hata isipooza, mizizi isiyotafuta maji inabaki juujuu. Ukiihamishia shambani, jua la wiki moja linaimaliza.

Kumbukumbu ya lugha haiko mbali na hapo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia yeye mwenyewe, yakaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, na kwamba marudio yaliyoachana siku yanashika kuliko marudio ya kubanana. Neno unalolijua vizuri halina haja ya maji leo. La wiki iliyopita ndilo lina kiu. Kwa hiyo mwalimu mzuri, awe mtu au mashine, anaingiza kidole kwenye udongo: neno lipi linakauka?

Memrise, programu nyingine ya maneno iliyoanzishwa na akina Ed Cooke na Greg Detre, ilianza na picha hiyo kabisa. Neno jipya lilikuwa mbegu. Unaipanda, inakua kwenye kibanda cha miche, ukishaishika inahamia bustanini, na ikikaa muda bila marudio inaomba maji. Mimi nikikumbuka ile bustani nasikia vizuri moyoni, si kwa sababu ya fakilte tu. Mmea ule uliokauka ulikuwa unasema ukweli juu ya kitu chako: neno hili linakutoka. Haukusema wewe ni mbaya. Baadaye waliiacha bustani wakaenda kwenye mambo ya anga za juu, roketi na viumbe wa sayari, nami bado nawasikitikia.

Duolingo nayo ilikuwa na mti. Masomo yalipangwa kama matawi, na somo ulilokaa mbali nalo lilikuwa linafifia mpaka ulirudie. Watafiti wao walichapisha mwaka 2016 hesabu nzuri ya kukadiria lini neno linakaribia kusahauliwa. Wanajua, basi, hatuwezi kusema hawajui. Mwaka 2022 mti uliondolewa, ikawekwa njia moja ya kufuata kutoka juu kwenda chini, na watumiaji wa siku nyingi wakapiga kelele kubwa: walikuwa wamezoea kuchagua tawi la kurudia. Kampuni haikurudi nyuma. Kilichobaki kikubwa kabisa usoni pa mtumiaji ni mfululizo wa siku, ile namba yenye alama ya moto, pamoja na bundi anayeilinda. Kwenye uso wa simu wamemwekea dirisha lake dogo: asubuhi ametulia, jioni anahangaika, usiku amewaka.

Duo akilia, basi, analilia nini? Hajui kama umesahau maneno ya sokoni. Anajua kwamba hukuja. Mtu mwenye mfululizo wa siku mia tatu, saa sita kasoro dakika kumi usiku, anafungua somo jepesi kuliko yote, lile la "mimi ni mvulana, wewe ni msichana", analimaliza kwa dakika mbili, moto umepona, analala. Amemwagilia jiwe. Na bundi anampigia makofi.

Mwaka 2020 watafiti wao walichapisha pia kazi inayoeleza namna mashine inavyochagua ni sentensi gani ya kukumbusha utumiwe. Iko na akili: sentensi uliyoipata karibuni inapumzishwa, kwa kuwa imekuchosha, kisha inarudishwa zamu yake ikifika. Kipimo cha sentensi nzuri ni kama umefanya somo baada ya kuipata. Hapo njo ninaposimama. Ukipima kuja, utapata kuja. Huzuni ya ndege imepimwa kama tunavyopima mbolea: kipi kinaongeza mavuno, weka zaidi. Lakini mavuno yaliyopimwa ni ya kampuni.

Najua mutakavyonijibu, na jibu lenu lina nguvu. Kwanza, ni bure. Von Ahn anaeleza kwamba wanaolipa, wengi wao watu wa nchi tajiri, ndio wanaowabeba wasiolipa, na kwa mtu aliyekulia Guatemala akiona shule nzuri ni za wenye pesa, naamini anasema kutoka moyoni. Siwezi kumtukana anayempa mtoto wa Kabare kozi bila kumuuliza minerval. Pili, katika hotuba ile alifananisha elimu kwenye simu na mboga ya brokoli iliyowekwa kando ya peremende: mboga yako lazima ipate ladha, la sivyo hailiwi. Sisi wa sombe hatuna shida na mboga, lakini nimemuelewa. Tatu, bila mtu wa kutukumbusha wengi wetu tungeacha siku ya nne. Kweli kabisa. Hata mkulima, afisa wa kilimo asipopita, palizi inachelewa.

Ila yule afisa akipita Jumanne anatazama mahindi. Hasimami kwenye lango kuhesabu mara ngapi mkulima ameingia shambani. Na umeme ukikatika siku tatu, au mega zikiisha na unite za kununua nyingine hazipo, hamkuti mkulima na uso wa machozi. Najua kuna kinga ya mfululizo, unaipata kwa vito ulivyokusanya. Lazima uwe nayo kabla ya shida. Ni bima, na sisi tunajua bima ni ya nani.

Ajabu ni kwamba dawa iko ndani ya nyumba yao wenyewe. Duo hayuko peke yake. Wamemzungushia watu wengine wa kuchorwa: Oscar mwalimu mwenye masharubu na majivuno, Lucy bibi mwenye nguvu, Zari binti wa hijabu mwenye furaha isiyokwisha, Eddy na mtoto wake Junior, Bea, Vikram, Lin, dubu Falstaff. Na Lily. Lily ni kijana wa nywele za zambarau, uso umechoka na dunia, anasoma sentensi kama mtu aliyelazimishwa kuja mazishi. Watu wanampenda mno, wanamchora wenyewe, wanamtungia visa. Juu ya nini? Juu Lily hataki kitu kwako. Umekuja, sawa. Hukuja, sawa pia. Ukikosa jibu hapigi kelele, ukipata hajidai amefurahi kuliko wewe. Mtu anayejifunza lugha anaogopa kuchekwa. Kukaa karibu na mtu asiyejali makosa yako ni pumziko. Wenyewe waliona, na mwaka 2024 wakamweka Lily kuwa ndiye wa kuzungumza naye kwa video, sauti yake ikitoka kwenye akili bandia. Wakaliweka pumziko hilo kwenye fungu la wanaolipa zaidi.

Tarehe 11 Februari 2025 kampuni ilitangaza kwamba Duo amekufa. Akagongwa na gari la Tesla la chuma katika video, watu wakaandika rambirambi za mzaha, Dua Lipa naye akaandika. Kisha watumiaji wakaambiwa wafanye masomo, wakusanye alama kwa mabilioni, ndege atafufuka. Kabla ya mwezi kwisha akafufuka. Sisi wa Kivu mwezi ule tulikuwa na vifo vingine vya kuhesabu, na sitasema zaidi. Ila hata ukiutazama mzaha kwa macho ya fundi tu, ni kitu kilekile kimefika mwisho wake: ndege alikufa kwa kuwa hukufanya somo, na kazi yako ndiyo inamrudishia uhai. Tamagotchi wa Wajapani, yule mnyama wa kidude cha mkononi wa 1996, alikufa vilevile ukimsahau. Tofauti ni kwamba Tamagotchi hakujiita mwalimu.

Miezi miwili baadaye hasira ya kweli ilikuja. Mwishoni mwa Aprili von Ahn alitangaza kwamba kampuni itatanguliza akili bandia, na kwamba kazi ambazo mashine inaweza kuzifanya hawatazipa tena watu wa mkataba. Watumiaji wakamfuata Duo kule TikTok na kumwagia maneno. Walewale waliocheka kisu miaka sita. Mwezi wa Mei kampuni ikaondoa video zake zote kwenye kurasa zake kwa muda. Kwangu huo ndio ukurasa muhimu wa kisa hiki. Ndege aliyejifanya mchawi kwa mzaha, watu walimsamehe. Walipoona kwamba nyuma ya macho yale kuna watu waliokuwa wanaandika masomo, na sasa wanaambiwa kwaheri, hakuna uso wa mchoro uliotosha. Walikuwa wameuliza upande, hatimaye, na kwa sauti.

Haya yote hayatuhusu kwa mbali. Kozi ya Kiswahili ya Duolingo, ya mwaka 2017, ilitengenezwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza. Ni nzuri kwa mgeni anayekuja. Mtoto wa Mushi wa mjini anayetaka kurudia lugha ya babu yake hana mlango pale. Njo maana kuna vijana watatu wa infomatiki ninaowajua wanatengeneza programu ndogo ya Mashi, ya kufanya kazi hata bila mega, na wakaja kunionyesha michoro ya maskoti yao juu wanajua sinyamazi.

Walianza na sokwe wa Kahuzi-Biega. Amechoka, yuko kwenye kila chupa na kila hoteli. Wakajaribu chui. Nikawaambia chui alitawala miaka thelathini na mbili, mumuache apumzike. Kisha wakachora mama wa soko mwenye kitunga mgongoni, mchoro mzuri sana kusema kweli, wakauonyesha kwa wanafunzi wenzao, na dada mmoja wa haki akauliza kwa upole: "Bakaka, juu ya nini ni mama tena njo anabeba, na muko mumekaa?" Mama akaondolewa siku ileile. Hiyo ndiyo faida ya kuuliza watu kabla ya kuchapisha.

Sasa wamefika kwa mbuzi, nami nimewaunga mkono kwa nguvu zote. Mbuzi wetu anajulikana: ukiacha shamba bila ua, anaingia. Wazo lao ni kwamba maneno uliyojifunza ni mimea, na ukipotea, mbuzi anakula. Hali bila mpango. Anakula yale yaliyokaribia kukauka. Ukirudi baada ya wiki tatu unamkuta katikati ya shamba, mdomo umejaa majani, na majani hayo ni maneno yaleyale unayotakiwa kuyarudia. Unamnyang'anya moja moja. Tazameni jinsi upande umegeuka: hakuna ndege aliyenuna kwa kuwa umemuumiza. Wewe ndiye mwenye shamba, wewe ndiye mwenye madai, na mwizi yuko mbele yako anatafuna. Na anachotafuna kinakuambia ukweli wa udongo.

Tuligombana kwenye salamu. Mmoja wao, fundi wa programu kweli, anasema bila kidogo ya huruma na woga hakuna atakayerudi, tutabaki na programu safi isiyo na watu. Pengine ana haki. Hatuna pesa ya kulipa wasomi wa kupima. Lakini nilimkumbusha namna tunavyompokea mtu aliyekaa mbali. Hatumwambii "tumelia sana". Tunamwambia: "Ulipotea!" Tunasema kwa sauti kubwa, tukicheka, na mkono tayari unavuta kiti. Lawama imo, mgeni anaisikia vizuri. Ila hapewi nafasi ya kuomba radhi, juu chakula kimeshaletwa na watu wanataka habari.

Basi salamu itakuwa hiyo, kwa Mashi, itasemwa na jirani wa shamba, na ujumbe hautatumwa zaidi ya mara moja kwa wiki wala baada ya saa kumi na mbili jioni. Fundi amekubali la wiki, la jioni bado anabisha. Kilichobaki ni uso wa mbuzi. Mchoro wa sasa unaonyesha mbuzi mwenye majuto, na dada yule wa haki anasema mbuzi mwenye majuto hajawahi kuonekana Walungu wala Kabare. Wanatafuta mtu wa kuchora aliyekulia karibu na mbuzi. Mukimujua, muniambie.